Frasila Mbili Begani

Mtu akitandaza ramani na kupima kwa rula kutoka Tabora hadi Bagamoyo, hudhani kuwa safari ameshaipanga. Ndivyo walivyoanza maswahiba wawili wa makamo, mmoja Muunguja na wa pili Mnyamwezi, walipoazimia kuifuata kwa baiskeli njia ya kale ya misafara. Muunguja alivutwa na milima. Alitaka vijia vya mawe vya Usagara, upande wa Mpwapwa na Mamboya, ambako baiskeli yake ya magurudumu mapana ingeonyesha kazi yake. Uwanda mkubwa baina ya Tabora na Ugogo aliuona ni kipande cha kupitwa upesi, ikiwezekana kwa garimoshi.

"Hapo unapotaka kuparuka, sheikh," mwenzake alimwambia, "ndipo palipowatisha wazee wetu kuliko mlima wowote."

Kipande hicho kina jina: Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba, na ukali wake ni wa jua na kiu. Mbele zaidi, baina ya Ugogo na Mpwapwa, iko Marenga Mkali, na hayo marenga ni maji, yenye ladha ya chumvi. Majina haya hayasemi urefu wa mlima wala uzuri wa mandhari. Husema maji yako wapi na yakoje. Aliyeyapa majina mahali hapo alikuwa na kiu, na kwa majina hayo akamwachia ramani atakayemfuata.

Tena mwendo wa misafara haukuhesabiwa kwa umbali. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Livingstone naye alikaa Kwihara tangu Februari hadi Agosti 1872 akiwangoja wapagazi. Pasipo bega la mtu, hapakuwa na safari.

Na bega hilo lilibeba nini? Takriban frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei: nguo, shanga na waya kwenda bara, pembe kushuka pwani. Wanyamwezi wengi waliokuwa wapagazi walikuwa watu huru waliokwenda kwa ujira, na kijana aliyefika pwani akarudi alipata heshima kwao. Lakini katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa waliofungwa shingo. Muunguja hawezi kusema kuwa hayo hayamhusu. Nyumba ya Tippu Tip ingali Shangani, na pembe zilizomtajirisha hazikujileta zenyewe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya mpagazi ikafifia. Mwaka 2006 Tanzania iliviingiza vituo sita vya njia hiyo katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Vituo vimetajwa, masafa ya baina yake, ambako jasho lilimwagika, hayamo.

Muunguja alikuwa ameandika katika mpango wake gari la kufuata nyuma na kijana wa kupakia na kupakua. Mwenzake aliisoma karatasi ile, akaiweka chini.

"Na mzigo wako, ndugu yangu, ataubeba nani?"

Swali hilo lilikaa baina yao siku kadhaa, na kidogo liuvunje urafiki. Jawabu lilitoka kwa watu wa Tabora wanaotoka misituni wakikokota baiskeli zenye magunia ya mkaa na madumu ya asali. Hao ndio warithi wa wapagazi, na hao ndio wajuao wapi mchanga ni mzito, wapi miba hutoboa mipira, na kisima kipi hukauka mwanzo.

Mpango mpya ni mfupi. Wataondoka Juni, baada ya masika, kabla visima havijakauka. Gari limefutwa, na garimoshi pia. Kila mmoja atachukua viraka, gundi, pampu na maji yake mwenyewe, na Mgunda Mkali wataupita wote, hata kama ni kwa kukokota. Milima ya Usagara imeachwa mahali pake, mwishoni, kwa atakayekuwa bado ana nguvu ya kuifurahia.