Stempu Isiyobeba Barua

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Lakini mnadani hata kilichofukiwa ardhini hugombewa. Mzee mmoja wa Morogoro, karani mstaafu wa posta, alilithibitisha hilo usiku mmoja mbele ya kompyuta ya mjukuu wake, mvua ya Uluguru ikipiga bati, alipokuwa akiwania stempu ya heller 7½ katika mnada wa intaneti.

Stempu hiyo ina kisa. Mwaka 1916, vitani, Waingereza walikuwa wameifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na stempu zikaadimika. Mtambo wa misheni ya Vuga, huko Usambara, ukachapa nyingine: za heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijatumika, meli Marie ikapenya kizuizi ikiwa na stempu za kawaida kutoka Ujerumani. Za Vuga zikakosa kazi. Adui alipokaribia, zilifukiwa Morogoro, na mwezi Agosti mji ukatekwa. Zilifukuliwa mwaka 1921, nyingi zikiwa zimeliwa na unyevu, kisha zikauzwa Ujerumani kwa wakusanyaji.

Thamani yake, basi, imezaliwa na kukosa kazi. Ndiyo ada ya wakusanyaji: mwaka 2023, chupa moja ya wiski ya Macallan ya mwaka 1926 ilinadiwa London kwa zaidi ya pauni milioni 2. Kinywaji hakinyweki, stempu haibandikwi.

Mzee hakuwa mkusanyaji. Babu yake alichukuliwa upagazi katika vita hiyo, akitwishwa mizigo ya jeshi kuizunguka milima ile ile, wala hakurudi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na aghalabu jamaa zao hawakuletewa hata mstari mmoja wa habari.

Dau likapanda. Mzee alikuwa ameweka kando fedha za kuezekea jiko, na alijua kwamba juu ya bei ya nyundo kuna ada ya mnadishaji na gharama za kutuma. Akaongeza mara moja, akaongeza tena. Mjukuu akamwambia, "Babu, jiko linavuja." Mzee akajibu, "Linavuja tangu masika ya mwaka juzi." Mnada ukafungwa, stempu ikawa yake, pamoja na doa lake la kahawia pembeni.

Ilifika baada ya majuma kadhaa, ndani ya bahasha iliyobandikwa stempu nyingine. Mjukuu alikwisha kusoma kwamba ikihifadhiwa vyema huenda bei ikapanda, akanunua kijaluba cha kuitia. Mzee alikaa nayo siku tatu. Ya nne alichukua bahasha, akaandika jina la babu yake, na chini yake jina la kijiji. Akaipaka stempu gundi, akaibandika pembeni kulia, akaikandamiza kwa kidole gumba, kama alivyofanya kazini miaka thelathini.