Chasisi Haionekani

Mzee wangu ni fundi bodi. Siyo fundi injini, siyo fundi umeme, ni fundi bodi, na ukikosea ukamwita makanika atakusahihisha mbele za watu. Miaka ishirini na saba amepiga nyundo Gerezani, Dar es Salaam, kwenye kiwanja ambacho si chake, chini ya bati lililojaa matundu. Gari lililopinduka njiani huletwa kwake limekunjika kama karatasi ya vitumbua, na baada ya wiki tatu mwenyewe anakuja kulichukua haamini macho yake.

Kwenye ukuta wa banda lake kulikuwa na picha moja tu. Haikuwa ya mchezaji mpira wala ya kiongozi. Ilikuwa kalenda kuukuu, miezi yote imeshachanwa, imebaki Ford Mustang nyekundu ya miaka ya 1960: milango miwili, boneti ndefu, kitako kifupi, imekaa kama inataka kuondoka ukutani. Nikiwa darasa la tatu niliinakili kwenye daftari la Hisabati. Mwalimu alinitandika. Baba alipoliona daftari hakunitandika. Alilitazama, akachukua chaki yake ya kuchorea mabati, akasema:

"Umekosea hapa. Gurudumu la mbele linakaa mbele zaidi. Hili lako likitembea litabusu lami."

Basi nikawa nachora magari na kuyatungia hadithi, yupi kaliiba, yupi kalifukuza. Kumbe nilichokuwa nakipenda ni hadithi, magari yalikuwa kisingizio. Mzee hakulijua hilo, na mimi sikumwambia. Nilipomaliza kidato cha nne alikopa kwa watu akanipeleka chuo cha ufundi magari. Nilikaa mihula miwili nikaacha, nikahamia chumba cha mshikaji wangu Sinza ili niandike. Nilimpa mzee habari hiyo kwa simu, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa. Bodi chagua wewe. Chasisi nimeshaitoa mimi." Akakata.

Tukakaa miezi minane bila kusemezana.

Sasa, ndugu msomaji, miezi ile nilikuwa na hasira ya kijana, na hasira ya kijana hutafuta ushahidi. Nikaamua kuandika habari za gari la kwenye kalenda. Nilitaka kumwonyesha mzee kwamba kitu kikubwa huzaliwa kivyake, hakiazimi mifupa ya mtu. Nikaanza kusoma usiku na mchana. Nilichokikuta kiliniumbua.

Mustang ilionyeshwa rasmi tarehe 17 Aprili 1964, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Bei ilianzia dola 2,368, na katika mwaka wa kwanza zikauzwa zaidi ya 400,000. Vijana wa Marekani walichanganyikiwa. Lakini ukiinama ukachungulia chini yake, unakutana na Falcon. Falcon lilikuwa gari la bei nafuu la familia, gari la kupeleka watoto shule na kubeba viazi. Ford hawakuwa tayari kumwaga fedha kwenye chasisi mpya, wakachukua mifupa iliyokuwapo wakaivika nguo ya ujana. Gari lililoitwa alama ya uhuru lilikuwa limesimama kwenye miguu ya baba wa nyumbani.

Nikasema labda baadaye walijirekebisha. Wapi! Toleo la 1974, Mustang II, lilitokana na Pinto, gari dogo la kubana matumizi. Lilitoka mwishoni mwa 1973, wakati mafuta yanapanda bei, na wanaojiita wapenzi wa kweli wanalicheka mpaka leo. Lakini mwaka wake wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 385,000. Toleo la 1979 likakaa juu ya chasisi iliyoitwa Fox, ambayo Ford walikuwa wameshaiweka chini ya gari jingine la familia, Fairmont.

Halafu ikaja kesi yenyewe. Miaka ya 1980 wakubwa wa Ford walipanga Mustang inayofuata ijengwe pamoja na Mazda ya Japani, magurudumu ya mbele ndiyo yavute, kama gari la kwendea kazini. Mwaka 1987 habari zilipovuja, wapenzi wakawaka. Barua zikamiminika kwa maelfu: mnaiua Mustang! Ford wakarudi nyuma. Gari lile la Kimazda likatoka mwaka 1988 kwa jina la Probe, na Mustang ikaachwa na Fox yake ya zamani. Toleo jipya lilipotoka mwishoni mwa 1993, chini lilikuwa bado ni Fox ileile, imeongezwa nguvu hapa na pale.

Hebu fikiri jambo hilo. Watu wale walipigania asili ya gari, na asili waliyoipigania ilikuwa mifupa ya kuazima. Hata jina halikuwa lao kila mahali. Ujerumani jina la Mustang lilikuwa na mwenyewe, kampuni ya Krupp, hivyo kwa miaka mingi gari liliuzwa huko likiitwa T-5. Lilibaki lilelile.

Niliandika kurasa kumi na moja nikazichana. Hoja yangu ilikuwa imenigeukia. Nikapanda daladala mpaka Gerezani.

Nilimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, fundi kijana ndiye anayepiga nyundo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba," akageuza uso kuelekea sauti yangu, siyo kuelekea mimi. Ndipo nikaelewa. Miaka yote ile ya kuchomea, mara nyingi bila miwani kwa sababu miwani inachelewesha kazi, ilikuwa imedai malipo. Picha ya ukutani ilikuwa palepale, lakini kwake sasa ilikuwa doa jekundu.

Sikuwa na la kusema, nikasema nililokuja nalo. Nikamwambia habari za Falcon, za Pinto, za Fairmont. Nilitegemea ashangae. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe ulidhani nini? Hilo nalijua kabla hujazaliwa. Ukitazama mstari wa mlango ule unaona kabisa kuna gari jingine humo ndani."

Nikaona aibu, lakini pia nikaona mlango umefunguka. Nikatoa simu nikaanza kumsomea habari za magari ya siku hizi, kwa sababu kalenda yake iliishia miaka ya 1960. Nikamwambia kwamba toleo la 2015 lilipata shepu mpya na sasipensheni ya nyuma ambayo kila gurudumu linacheza peke yake, wakati kabla ya hapo karibu Mustang zote zilikuwa na ekseli moja nzima nyuma, kama pikapu. Nikamwambia kwamba ndiyo ya kwanza kutengenezwa kiwandani ikiwa na usukani kulia, ikapelekwa Uingereza, Australia na Afrika Kusini, na kwamba mimi mwenyewe nimeiona moja Masaki.

"Usukani kulia?" akauliza. "Kwa hiyo walijua na sisi tupo."

Nikamsomea habari za toleo lililoonyeshwa Detroit Septemba 2022. Uso mpya, taa mpya, ndani vioo vya televisheni tupu. Akaniuliza swali moja tu: "Chini je?" Nikamwambia chini ni mifupa ya ile ya 2015, wameifanyia marekebisho. Akapiga goti lake kofi.

"Kwa hiyo ni kazi ya bodi! Hao ni mafundi bodi wenzangu!"

Nikamweleza na wenzake. Kwamba Desemba 2023 Chevrolet Camaro ya mwisho na Dodge Challenger ya mwisho zilitoka viwandani, mwezi uleule. Wenye Camaro walisema hadithi yake haijaisha, lakini hawakutaja chasisi itakayofuata. Wenye Dodge wakaja na Charger ya milango miwili juu ya chasisi mpya kabisa, iliyopangwa tangu mwanzo ibebe ama betri ama injini. Ya umeme ilitangulia, ya petroli yenye silinda sita ikafuata. Na ile ya umeme, kwa kuwa haina injini ya kunguruma, wameiwekea mtambo wa kutoa mngurumo.

"Yaani spika?"

"Kama spika, mzee."

"Gari lina spika ya kudanganya kwamba lina injini?"

Nikadhani atatukana. Akanyamaza, akapapasa bati lililokuwa karibu yake, mahali palipopakwa puti lakini hapajapigwa rangi. "Na mimi nikijaza puti nikapaka rangi juu, ninamwambia nini mwenye gari? Tusiwacheke."

Nikamwuliza, kama yeye ndiye angekuwa Detroit, angeiweka Mustang ijayo juu ya chasisi gani. Ya zamani ya petroli, au mpya ya umeme? Nilitaka achague. Nilitaka nijue yuko upande gani, maana moyoni nilikuwa naulizia jambo jingine.

Alijibu kifundi. Chasisi, alisema, huichagui kwa mapenzi wala kwa historia. Unauliza kwanza: itabeba nini? Betri ni kitu kizito na kipana, inalazwa sakafuni. Ukiilaza sakafuni, sakafu inanenepa, dereva anapanda juu, paa linamfuata, na gari lililokuwa limeinama kama chui linasimama kama mbuzi. Nikamwambia ni kweli: ile Mach-E ya umeme waliyoionyesha mwaka 2019 wakaipa jina la Mustang ni ndefu kwenda juu, ina milango minne. Na ile Charger ya umeme ina zaidi ya tani mbili na nusu, wakati Mustang ya petroli haifiki tani mbili.

"Basi anayetaka liwe chini atafute pengine pa kuweka betri, au akubali gari liwe refu na pana, au abaki na petroli mpaka sheria zimfukuze. Zote ni kazi halali. Kosa ni kuficha unachokibeba. Gari lililokunjika chasisi hata ulipake rangi ya dhahabu litavuta upande. Mwenye nalo atalijua siku ya kwanza akiachia usukani."

Nikajua hapo hatuongelei Mustang tena. Nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Nilipaswa kuja mwenyewe, siyo kupiga simu." Nikamwambia pia kwamba chuo sitarudi. Hakujibu lolote kuhusu chuo. Alisema tu kwamba fedha aliyokopa bado inadaiwa laki mbili na themanini, na kwamba yule fundi kijana hana mtu wa kumshikia bati siku za Jumamosi.

Siku hizi Jumamosi nipo Gerezani. Nashika bati, napiga msasa, malipo yangu yanakwenda kwenye lile deni. Imebaki laki moja na nusu. Jioni tunakaa, mzee ananieleza na mimi naandika: jinsi ya kusikiliza bati kwa nyundo ili ujue wapi lina puti, jinsi alivyojifunza, nani alimfundisha. Nimegundua kwamba karibu kila hadithi niliyotunga Sinza ilikuwa imekaa juu ya maneno yake bila mimi kujua. Nilikuwa nayapaka rangi tu.

Ninyi mnaoandika kama mimi, mkiambiwa muwe wapya kabisa, msiazime kwa mtu, kumbukeni Falcon. Na mkiambiwa mrudie ya wazee bila kubadili kitu, ulizeni wazee wenyewe waliazima wapi.

Mzee hajasema kwamba nilifanya vizuri kuacha chuo. Sidhani kama atasema. Wiki iliyopita nilimwambia kwamba nimeandika habari hii, na kwamba huenda ikachapishwa. Akauliza kama nimesema yeye ni makanika. Nikamwambia nimeandika fundi bodi, mstari wa kwanza kabisa.

"Haya. Ikitoka uje unisomee."