Masomo Mazito na Milango ya Vyuo Vikuu

Wazazi wengi wa pwani yetu waliohamia Marekani hudhani ya kuwa mwana akipata alama A katika kila somo, basi kazi imekwisha, na mlango wa chuo chochote utamfungukia. Dhana hiyo huweza kumkosesha kijana nafasi yake bila ya yeye kujua alikosea wapi. Kwa kuwa gazeti hili husomwa na waliopo nyumbani na waliopo ugenini, twaona ni wajibu kulieleza jambo hili.

Sisi si watu wa vyuo vikuu. Elimu yetu ni Qurani na skuli ya msingi, na kazi yetu ni kusomesha madrasa. Lakini kwa miaka kadhaa sasa twawasomesha Qurani, kwa njia ya simu, watoto wa jamaa zetu walioko huko, na mwalimu hakosi kujua yanayowashughulisha wanafunzi wake. Tusiyoyajua tuliwauliza ndugu zao wakubwa waliokwisha pita njia hiyo, mpaka yakatubainikia.

Katika skuli nyingi za sekondari za Marekani, somo moja hufundishwa kwa daraja mbali mbali. Iko hesabu ya kawaida, na iko hesabu nzito inayokaribia ile ya mwaka wa kwanza wa chuo. Masomo mazito yaliyo mashuhuri huitwa Advanced Placement, au AP, nayo yalianza katika miaka ya 1950. Mtihani wake hufanywa mwezi wa Mei, na alama zake ni 1 mpaka 5. Uko pia mtaala wa International Baccalaureate, ulioanzishwa Geneva mwaka 1968, ambao upeo wa alama zake ni 45.

Sasa tazameni uzito wa jambo hili. Chuo cha Harvard, katika miaka ya karibuni, hakikuchukua hata watu 5 katika kila 100 walioomba. Na walioomba, wengi wao wana A. Basi wanaochagua huuliza: A hii ni ya somo gani? Mshauri wa wanafunzi hupeleka waraka unaoeleza masomo yanayofundishwa katika skuli yake, na tena huulizwa kama masomo ya kijana huyu, akilinganishwa na wenzake wa skuli ile ile, yalikuwa mazito kabisa, au ya wastani, au mepesi. A ya somo jepesi, hali somo zito lilikuwapo, hupungua thamani. Ama yule ambaye skuli yake ina masomo mazito mawili tu, naye akayachukua yote mawili, hahesabiwi mvivu mbele ya yule aliyekuwa nayo ishirini. Kila mmoja hupimwa kwa alichowekewa.

Lakini mzazi asingoje mpaka mwana afike darasa la 12. Hesabu ni ngazi: kwanza aljebra, kisha jiometri, kisha aljebra ya pili, kisha matayarisho, ndipo kalkulasi. Atakaye kuifikia kalkulasi darasa la 12, kwa kawaida huianza aljebra darasa la 8, naye ni mtoto wa miaka 13. Ni kama nahau kwetu: hafunguliwi Alfiyya asiyepitia Ajrumiyya. Jamaa yetu mmoja aliletewa karatasi ya kutia saini mwanawe alipokuwa darasa la 7. Hapana aliyemfahamisha maana yake. Akatia saini, na mwana akapangwa katika hesabu nyepesi. Miaka minne baadaye, kijana alipotaka uhandisi katika chuo kikubwa, akaambiwa kuwa ngazi imemwacha nyuma. Baba yake alituambia, "Maalim, mimi nilidhani ni karatasi ya chakula cha mchana." Kijana huyo alisoma hesabu mbili kwa mwaka mmoja, na likizo yake yote ikaishia katika daftari.

Wako na wanaopotea upande wa pili. Binti mmoja, mwanafunzi wetu, alijitwika masomo mazito sita kwa mwaka mmoja. Usingizi wake ukawa wa saa tatu kwa usiku, Qurani akaiacha, na alama zake zikaanza kushuka. Tulimwuliza, "Mwanangu, nani amekwambia sita?" Akasema, "Hakuna, Maalim. Wenzangu wote wanachukua sita." Tukamwambia kwamba vyuo havihesabu masomo kama tende pakachani. Manne yaliyosomwa vizuri ni bora kuliko sita yaliyovurugwa. Na mshika mawili moja humponyoka, sembuse sita. Mwaka uliofuata alichukua manne, na sauti yake tukaisikia tena darasani.

Vijana wajue pia kuwa majibu ya mitihani ya Mei hutoka Julai, na vyuo vilivyo vigumu kuingia huwa vimekwisha jibu maombi mwishoni mwa Machi. Kwa hiyo mtihani wa mwaka wa mwisho hauwezi kumwokoa aliyelegea. Kinachotazamwa ni masomo aliyoyachagua na alama za darasani za miaka iliyotangulia. Na Ramadhani huzunguka: mwaka 2019 mitihani hiyo ilianza tarehe 6 Mei, siku ambayo Waislamu wengi wa huko walianza kufunga. Ajuaye mapema hujipanga mapema.

Basi enyi wazazi, msitie saini karatasi msiyoifahamu. Nendeni kwa mshauri wa skuli, hata kama Kiingereza chenu ni kidogo. Ombeni mkalimani, wala msione haya. Ulizeni: mwanangu yuko ngazi gani, na ngazi hiyo yampeleka wapi? Ada ya mtihani mmoja hukaribia dola 100, lakini wenye kipato kidogo hupunguziwa, basi isiwe udhuru. Na nyinyi vijana, chukueni kizito mnachoweza kukibeba kwa uzuri, na muuachie mwili haki yake na Mola wenu haki yake.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.