Nyumba Inayoonyeshwa Tupu

Nyumba ya urithi inapotangazwa kuuzwa huku kwetu Pemba, jambo la kwanza ni usafi. Husafishwa kwa ufagio, kwa chokaa na kwa karatasi. Mwaka huu nimeshiriki usafi huo kwa wiki tatu, katika nyumba ya marehemu wazazi wetu mjini Wete, nami nimetoka na swali ninaloliona kuwa la siasa zaidi kuliko la familia: tunapoiandaa nyumba ili mnunuzi aione, ni nani tunayemwandaa asionekane?

Tuko watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Kaka yetu yuko Maskati, dada mmoja Dar es Salaam, mwengine Mombasa, nami nafundisha Unguja. Aliyebaki ni dada yetu mkubwa. Ndiye aliyemuuguza mama kwa miaka tisa, ndiye aliyebadilisha mabati ya paa kwa fedha ya cherehani yake, na ndiye anayelala humo hadi leo.

Dalali tuliyemwita ni mtu wa adabu na anayeijua kazi yake. Alizunguka nyumba nzima, akagonga kuta, akachungulia kisima, kisha akatupa orodha. Kuta za mbele zipigwe chokaa. Masizi ya jikoni yasuguliwe. Majamvi ya kuanikia karafuu yaliyojaa ukumbini yatolewe. Mlangoni palikuwa na mabaki ya karatasi za kampeni za miaka iliyopita, nayo yakwanguliwe. Aliyeishi Pemba kabla ya maridhiano ya 2010 hahitaji kuelezwa sababu. Kisiwani hapa watu walipata kususiana maduka, hata mazishi, kwa ajili ya vyama. Mnunuzi hajulikani ni wa upande gani.

Yote hayo tuliyakubali. La mwisho ndilo lililotukwaza. Alitaka cherehani ihamishiwe kwa jirani, kitanda cha dada kiondolewe, na mwenyewe asiwepo siku za kuonyesha.

"Mwalimu," aliniambia, "nyumba yenye mtu ndani humtia mnunuzi shaka. Hudhani pana mgogoro."

Dada alikuwa uani, akasikia. Hakugomba. Aliuliza tu: "Basi wakija, mdogo wangu, mimi niwepo au nitoke?"

Dalali hakuwa mjeuri. Aliyasema yale ambayo soko limemfundisha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inampa raia haki ya matumizi. Juu ya haki hiyo kuna nyumba, na kuna miti, ambayo kwa mila zetu yaweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye kiwanja. Nyumba nyingi za zamani hazina hati iliyosajiliwa. Zina karatasi ya mauziano ya miongo iliyopita, majina ya mashahidi waliokwisha kufa, na kumbukumbu za majirani. Kwa mnunuzi anayesimama mbele ya karatasi kama hizo, mtu aliye ndani ya nyumba ni dai ambalo halikuandikwa popote. Ndiyo maana hutakiwa kutoka.

Sasa tufanye hesabu. Baba alitangulia, kisha mama. Kwa mujibu wa faraidhi, mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Kwa watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, mafungu ni saba. Kwa mfano tu, nyumba ikiuzwa shilingi milioni 70, mimi nitapewa milioni 20, nami nina nyumba ninayokaa Unguja. Dada atapewa milioni 10 na funguo atakabidhi. Akatafute wapi? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 406,848 katika kisiwa hiki. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 543,000. Kisiwa hakikuongezeka hata pima moja. Asiye na kiwanja leo anashindana na wengi zaidi kuliko jana.

Sisemi haya kuipinga faraidhi. Nasema tunaisoma nusu. Fikihi hiyohiyo inayogawa mafungu inaamuru madeni ya marehemu yalipwe kabla urithi haujagawanywa. Je, fedha ya mabati ilikuwa zawadi kwa mama, au ilikuwa mkopo ambao mama aliahidi kuulipa karafuu zikizaa? Hakuna katika sisi wanne aliyewahi kumuuliza. Fikihi inaijua pia shufaa, yaani haki ya mshirika kutangulizwa mbele ya mgeni katika kununua fungu la mwenzake. Tena inaruhusu warithi kuafikiana, mmoja akaacha fungu lake kwa malipo au kwa ridhaa. Milango yote hiyo iko wazi, lakini hufunguliwa mara chache, kwa sababu aliyebaki nyumbani huona haya kudai, na walio mbali hudhani ukimya ni radhi.

Sheria za nchi nazo zimeanza kuuona mchango usioandikwa, ila kwa wanandoa. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 inamwezesha kadhi kuangalia mchango wa kila mmoja katika mali ya ndoa wanapoachana. Binti aliyebaki kuuguza wazazi hana kifungu kama hicho. Kazi yake huitwa wema, na wema haupigiwi hesabu siku ya kugawana.

Ni wajibu wangu pia kumtendea haki kaka yetu wa Maskati. Mkataba wake wa kazi umekwisha na ana watoto wanaosoma. Haja yake ni ya kweli, na fungu lake ni lake. Pemba imejengwa kwa fedha za walioondoka, na wengi hawakuondoka kwa starehe: baada ya mauaji ya Januari 2001, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Mgogoro wetu, basi, hauna dhalimu. Una watu wawili wenye haja, mmoja ana fungu kubwa na mwengine ana kitanda.

Tulikubaliana kwa simu kwamba dada asitoke. Mtazamaji wa kwanza alimkuta kwenye cherehani, akauliza ni nani, akaambiwa ni mrithi anayeishi humu. Hakurudi tena. Wa pili aliuliza atahamia lini. Tukajibu kwamba kwanza ataulizwa yeye kama anataka kutununulia mafungu yetu kwa malipo ya polepole, na kwamba gharama za paa zitaandikwa kabla ya mgao. Dalali alitikisa kichwa. Nyumba haijauzwa, na kaka bado anasubiri. Kila mwezi unaopita una gharama kwake. Nimemwahidi kwamba mafungu yangu mawili yatalipwa mwisho, lake likitangulia.

Kwa wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma, hasa masheha wanaoitwa kushuhudia mauziano, nina ombi dogo. Mmezoea kuuliza mipaka, majina ya warithi na bei. Ongezeni swali moja: nani analala humu usiku wa leo, na atahamia wapi? Jibu liandikwe katika karatasi ileile, kabla ya saini ya kwanza. Swali hilo halimzuii mtu kuuza mali yake. Linazuia tu nyumba yenye mtu isiuzwe kama nyumba tupu.