Pumzi ya Pikipiki

Kila mtu mjini Nakuru aijua sauti ya pikipiki, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba pikipiki huvuta pumzi. Tena pumzi yake ni kubwa kuliko udhanivyo, msomaji wangu. Chukua injini ya sentimita mchemraba 100, iliyo ndogo kabisa miongoni mwa zile zinazobeba abiria hapa kwetu. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta hewa mara 3,000, kwa sababu injini ya mipigo minne huvuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Zidisha, utapata lita 300. Hicho ndicho kiasi iwezacho kumeza kwa dakika moja aksileta ikiwa imefunguliwa yote. Mtu aliyeketi kimya humeza lita sita au nane.

Sasa fikiri hewa hiyo ni hewa ya wapi. Jina la Nakuru, husemwa, latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Mji ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na vumbi halikujali hadhi hiyo. Nalo si udongo mtupu. Ndani yake mna majivu yaliyotapikwa na Menengai na milima mingine ya moto ya Bonde la Ufa, na katika majivu hayo mna chembe za kioo. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa udongo mweupe uitwao diatomaiti, ambao ni magamba ya silika ya viumbe vidogo vya majini vilivyokufa zamani sana. Ajabu yake ni kwamba udongo huo, ambao ukipeperuka huziba machujio, hutumika kiwandani kutengenezea machujio. Mashindano ya Safari Rally yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakiwa na makao yake Naivasha, na humo magari yamewahi kufungwa bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele. Matajiri wa mbio hawakutaka injini zao zipumue vumbi lile laini kama unga.

Pikipiki ya kawaida haina bomba la namna hiyo. Kinga yake ni kisanduku cheusi cha plastiki kilichofichwa chini ya kiti. Hewa huingia kwa mdomo mwembamba, hutulia humo, chembe nzito na matone ya mvua huanguka chini, kisha hewa hupita katika chujio na kwenda kwenye kabureta. Kisanduku hicho pia hupunguza kelele. Na liko jambo la tatu ambalo wengi hawalijui: kabureta imepimwa kwa ajili yake. Petroli hupita katika kitundu cha shaba kiitwacho jeti, na ukubwa wa kitundu umechaguliwa kwa kujua kisanduku kitapitisha hewa kwa ugumu kiasi gani, ili zipatikane karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito.

Mpwa wangu ni mwendeshaji wa bodaboda. Pikipiki yake ni ya mkopo. Hulipa kila siku, na asipolipa huchukuliwa. Fundi mmoja alimshauri aking'oe kisanduku na kufunga chujio la umbo la pia moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Nilimwambia asifanye. Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, wenzangu wote wamefunga, na zinakimbia." Akafunga. Jeti haikubadilishwa.

Lililonitatiza ni kwamba pikipiki ilikimbia kweli! Ilinguruma kama simba, ikapanda mteremko wa Bahati kwa wepesi usio wa desturi yake. Nilitafuta sababu, nami naona ndiyo hii. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama sehemu nne kati ya tano za ile ya Mombasa. Kabureta iliyopimwa kwa nchi za chini hutoa petroli nyingi mno kwa hewa nyepesi kama yetu. Chujio jipya liliongeza hewa, na kwa muda mchanganyiko ukakaribia kipimo. Fundi hakuwa mwongo. Alikuwa ameona nusu ya habari.

Nusu ya pili ilikuwa Marigat. Mpwa wangu alipata kazi ya kupeleka vipuri huko, nchi ya joto iliyo karibu mita 1,000 juu ya bahari. Kadiri alivyoteremka kupita Mogotio ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito, petroli ikawa haba, na injini ikaanza kugonga na kuchemka. Plagi ilipofunguliwa ilikuwa nyeupe kama mfupa. Huo haukuwa mwisho. Miezi minne baadaye moshi wa buluu ulianza kutoka, kwa kuwa injini ilikuwa ikiunguza oili yake. Silinda ilipofunguliwa ilikuwa na mikwaruzo ya wima, na ringi zilikuwa zimelika. Chujio lile la bei ndogo, likiwa wazi karibu na tairi, lilikuwa likipitisha vumbi. Siku nane pikipiki ililala kwa fundi, na siku nane mkopo ukadai chake. Shangazi yake aliuza mbuzi.

Sitaki nichujio hilo nilionee. Katika uwanja wa mashindano, ambapo injini hufunguliwa kila baada ya mbio na jeti hupimwa na mjuzi, laweza kufaa. Hata kelele ina wapenzi wake, ingawa mimi si mmoja wao. Lakini mtu abebaye watoto wa shule kwa barabara ya murramu ana shughuli nyingine.

Kwa bahati njema kisanduku cha zamani kilikuwa bado chini ya kitanda chake. Kimerudishwa. Chujio lake ni la sponji, nawe ukiwa na kama hilo, lisafishe hivi: lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likamue bila kulisokota, lianike kivulini hadi likauke kabisa. Kisha lipake oili, ulikamue tena mpaka lisichuruzike, na kabla ya kufunga pangusa ndani ya kisanduku kwa kitambaa kibichi. Mpwa wangu hufanya hivyo kila Jumapili jioni. Wakati wa kiangazi, mara mbili kwa juma.