Kinyonga si Geko: Habari ya Mnyama Wetu wa Kwanza



Wengi wenu mlisikia habari ya "nyama ya chumba cha 4". Wengine walisema tunafuga nyoka ndani ya karto, wengine walisema tunatafuta dawa ya kushinda mtihani. Basi sisi watatu tumeona ni vizuri kuandika yote sawasawa, hata mambo yale yanayotuletea haya.

Ilikuwa siku ya posho, mwezi wa 10, wakati wa kazi za mikono. Tulikuwa tunafyeka nyuma ya refektwari, karibu na shamba la maharagwe. Mmoja wetu alishika tawi, na lile tawi likawa na macho! Alikuwa kinyonga, urefu wake pamoja na mkia kama kalamu ya bic, rangi ya majani mabichi yenye mstari mweupe ubavuni. Mama mpishi alipotuona tukimbeba alipiga kelele: "Batoto, mutupe iyo nyama! Inaletaka mukosi mu nyumba!" Wadogo wa mwaka wa kwanza wakakimbia. Na sisi, tuseme kweli, tulifurahi kwa sababu walikimbia. Tulitaka kuonekana watu wa sayansi wasioogopa kitu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wetu, na haukuwa mwanzo mzuri.

Sasa tumulee namna gani? Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulea mnyama asiye mbuzi, kuku au sungura. Katika maktaba yetu kuna kijitabu cha Kifaransa ambacho mgeni mmoja alikiacha. Kinafundisha watu wanaoanza namna ya kulea mjusi mmoja anayeitwa geko-chui. Tulikisoma chote usiku mmoja, kwa tochi.

Huyo geko-chui ni mnyama wa kweli wa ajabu. Kwao ni Afganistani, Pakistani na upande wa kaskazini-magharibi wa Uhindi, katika nchi kavu yenye mawe. Edward Blyth, aliyekuwa mtunza makumbusho kule Calcutta, ndiye aliyemwandika kwa jina la kisayansi mwaka 1854. Rangi yake ni manjano yenye madoa meusi, ndiyo sababu wakamwita chui. Yeye si kama mijusi-kafiri wa kuta zetu: ana kope, anafumba macho, na vidole vyake havishiki ukutani, anatembea chini tu. Anaweka mafuta katika mkia, sawa na ngamia anavyoyaweka katika nundu. Akikamatwa na adui anauacha mkia na kukimbia, na mwingine unaota, ijapokuwa si mzuri kama ule wa kwanza. Huko Ulaya na Marekani watu wengi wanaoanza kulea mijusi wanaanza na huyo, juu ya upole wake.

Kijitabu kilieleza kwamba anataka sanduku lenye pande mbili: upande wa moto, kama digrii 30 hadi 32, na upande wa baridi kidogo, kusudi achague mwenyewe. Anataka maficho kila upande, na ficho moja lenye unyevu la kumsaidia kuvua ngozi. Anataka maji katika kisahani. Anakula nyenje na wadudu wengine walio hai, wakiwa wamepakwa unga wa kalsiamu, kwa maana bila kalsiamu mifupa yake inalegea na kupinda.

Basi tukafanya yote neno kwa neno. Tulipata karto ya sabuni, tukaweka mawe ndani. Tukaweka kifuniko cha mkebe chenye maji. Tulisaga maganda ya mayai yakawa unga wa kalsiamu. Upande mmoja tukatundika ampuli ya wati 60, na umeme ulipokuja tuliiwasha usiku kucha. Tulijisifu sana. Tulisema: hata Wazungu hawafanyi vizuri zaidi.

Siku ya kwanza kinyonga hakula. Siku ya pili hakunywa, ijapokuwa maji yalikuwa mbele ya pua yake. Siku ya tatu rangi yake ilikuwa imeisha, amekuwa mweupe-mweupe kama majivu, na kinywa kimefunguka. Tulifikiri ana hasira. Mmoja wetu alisema: "Muone, anatutukana!" Tukacheka. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ndani.

Jioni ile Bwana Mwalimu wa biolojia alipita kutafuta daftari zetu. Aliangalia ndani ya karto, akazima ampuli bila kusema neno. Halafu akauliza: "Nani aliwafundisha hii?" Tukamwonyesha kijitabu. Akakisoma kidogo, akasema: "Mlisoma vizuri sana. Lakini mlisoma juu ya mwingine."

Neno lile lilituchoma. Alitueleza kwamba kinyonga wetu ni wa jinsi inayoitwa Trioceros ellioti, jamaa ya milima hii yetu ya Kivu, pamoja na Rwanda, Burundi na Uganda. Yeye si mtu wa mawe, ni mtu wa majani. Hajui kisahani: anakunywa matone yanayoning'inia kwenye majani, umande na mvua. Usiku wa milima yetu ni baridi, naye anahitaji ile baridi apumzike. Tena anataka hewa inayopita, si karto iliyofungwa. Ule weupe na ule mdomo wazi havikuwa hasira. Ndivyo anavyosema: ninaungua.

Tuliona haya. Siku tatu mnyama alikuwa anatuambia, na sisi tulikuwa tunacheka.

Usiku uleule tulianza upya. Tuliokota fremu ya dirisha la zamani, tukaifunga na kipande cha chandarua kilichopasuka, tukapata kama chumba kidogo chenye hewa. Tuliweka matawi ndani. Kwa maji tulitoboa tundu dogo sana chini ya mkebe wa maziwa, tukautundika juu, tone likaanguka kwenye jani, tone lingine, tone lingine. Tulingoja. Baada ya muda mrefu kinyonga aligeuza jicho moja kwenye tone, jicho lingine likabaki kutuangalia sisi. Akasogea, akaweka kinywa, akanywa. Alikunywa muda mrefu sana, na hakuna mtu aliyesema neno chumbani.

Toka siku ile tuligawana kazi. Mmoja ni wa maji asubuhi na jioni. Mmoja ni wa chakula: panzi wadogo, nzi na nyenje, kila mara wadudu wa namna mbalimbali, wasiopita upana wa kichwa chake, na wasiotoka katika shamba lililopigwa dawa. Wa tatu ni wa kumtoa kwenye jua la asubuhi na kumrudisha kivulini. Unga wa maganda ya mayai tuliendelea nao, kwa maana katika jambo lile geko na kinyonga ni ndugu. Na tuliacha kumshikashika. Mtoto akimbeba mbwa, huenda mbwa akafurahi. Kinyonga akibebwa anavumilia tu.

Tulijifunza mengi kwa kuangalia. Ulimi wake ukirushwa unapita urefu wa mwili wake, na panzi anaondoka kabla macho yetu hayajaona. Asubuhi anakuwa mweusi kusudi anywe joto la jua. Wengi wanafikiri anabadili rangi kufuata kila kitu anachokanyaga. Sivyo. Rangi inafuata joto, mwangaza, hofu na hasira. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, waliochunguza kinyonga wa Madagaska, walionyesha kwamba ndani ya ngozi kuna vioo vidogo sana vya fuwele, na mnyama akivisogeza au kuviachanisha, rangi inageuka. Basi wale wanaomwita mtu mwongo "kinyonga" wanamsingizia. Yeye anaonyesha tu alivyo ndani.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Mwezi wa 11 mwenzetu mmoja kati ya sisi watatu alipata habari kwamba mama yake amelazwa hospitalini. Hatuwezi kumtaja, lakini yeye mwenyewe ametupa ruhusa kuandika. Jioni ile hakula. Usiku alituamsha akasema: "Tuitupe. Mama mupishi alitusemeaka." Sisi wawili tulianza kumcheka, halafu tukaona anatetemeka. Nasi pia, kwa siri, tulianza kuwaza: na kama ni kweli? Wazee wetu walituambia juu ya kinyonga toka utoto. Kuna wanaosimulia kwamba ndiye aliyechelewa njiani na ujumbe wa uzima, na kwa hiyo watu wanakufa. Mtu hawezi kuvua maneno ya namna ile kwa siku moja, sawa na koti.

Asubuhi tulimwendea Mchungaji wa shule. Hakututukana, wala hakumwita mwenzetu mpagani. Aliuliza jambo moja tu: "Mama alianza kuugua siku gani?" Mwenzetu akahesabu. Mama alianza kuugua mwisho wa mwezi wa 9. "Na kinyonga mlimwokota lini?" Mwezi wa 10. Mchungaji alinyamaza, akamwacha mwenzetu amalize hesabu peke yake. Kisha tulipiga magoti tukamwombea mama. Mtu mmoja pale alisema kwamba katika Walawi 11 wanyama wa namna ile ni najisi. Mchungaji akajibu kwamba sura ile inasema juu ya kula na juu ya kugusa mizoga, na hakuna aliyetaka kumla; akatupa tusome Mithali 12:10, juu ya mtu wa haki na uhai wa mnyama wake.

Mwenzetu alisema: "Akili imekubali, lakini mwili bado." Tulimwelewa. Tukamwachia kazi ya kutundika mkebe wa maji tu, kusudi asimkaribie sana.

Mwanzo wa mwezi wa 12 kinyonga alivimba tumbo, akaacha kula. Tulijua tumekosa tena, tukajipanga kumpoteza. Lakini asubuhi moja sisi wawili tulikuwa kwenye ibada, na mwenzetu alibaki chumbani juu ya homa. Tuliporudi tulimkuta amepiga magoti mbele ya chandarua, hana hata viatu. "Iko nazaa," alisema. "Haizai mayai, iko nazaa batoto!"

Kweli, kinyonga wa jinsi hii hatagi, anazaa watoto hai. Kila mmoja anatoka katika ngozi nyembamba inayonata, anaanguka juu ya jani, anajinyoosha, anapasua ile ngozi na kuanza kutembea, mkubwa kama njiti ya kiberiti. Walikuwa 9. Mmoja hakutoka katika ngozi yake. Mama yao hakuwaangalia hata kidogo. Kwao hakuna malezi, kila mmoja anaanza dunia peke yake. Mwenzetu, yule aliyeogopa, aliwahamisha mmoja mmoja kwa ncha ya jani asimguse hata mmoja vibaya. Tulimwona anatabasamu mara ya kwanza baada ya majuma matatu. Mama yake alitoka hospitalini siku chache baadaye. Hatusemi jambo hili limetokana na lile. Tumekwisha kujifunza kuhesabu siku.

Kwa wadogo tuliweka ndizi iliyoiva sana, ikaita vijinzi vidogo, wakala. Lakini mmoja alianguka katika kifuniko cha maji tulichosahau chini, akafa. Ni kifuniko kilekile cha siku ya kwanza. Kosa hilo ni letu.

Likizo ya Noeli ilikuwa inakaribia. Kijitabu kinasema geko-chui akilelewa vizuri anaishi miaka 15 na zaidi. Nani kati yetu anaweza kuahidi miaka 15, sisi ambao kila miezi mitatu tunafunga masanduku? Siku ya nne baada ya kuzaa, jioni, tuliwapeleka wote kwenye ua wa miti nyuma ya refektwari, mama na watoto 7, kila mmoja kwenye tawi lake. Mama mpishi alisimama mlangoni akiangalia. Hakukaribia, lakini hakupiga kelele.

Basi ndugu, mtu anayetaka kulea mnyama wake wa kwanza, akiwa geko, kinyonga au sungura, tunamwomba aulize kwanza: kwao ni wapi, anakunywa namna gani, na nani atabaki naye wakati wa likizo. Kitabu ni kizuri, lakini atazame kama kinasema juu ya yule aliye mbele yake. Na siku ya kazi za mikono, mkikuta tawi lenye macho katika ua, msilipige mawe. Anakula wadudu wa maharagwe yetu. Tena huenda ni mmoja wa wale 7.

Ni sisi, wanafunzi watatu wa enterna ya wavulana, chumba cha 4.