Nilipaka Mafuta, Gobole Likala Kutu!

Leo usitegemee stori ya disko wala ya mtoto wa watu kunitosa. Leo nakuletea aibu yangu ya kijijini, iliyotokana na mafuta ya cherehani na uongo mmoja mdogo.

Mwezi wa tatu mwaka jana nilifunga safari kwenda Kasansa, mkoani Katavi, kumjulia hali babu mzaa mama. Treni mpaka Mpanda, halafu gari linalokatiza katikati ya Hifadhi ya Katavi. Nilishuka nimelowa tope hadi magotini. Bibi akanipokea kwa utani wake: "Mume wangu umekonda! Huko Dar hamli ugali?"

Kasansa iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Msimu wa mvua joto linakuganda mwilini na shati halikauki. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Na mpunga ukifikia hapo, nguruwe pori nao hawahitaji kadi ya mwaliko.

Babu ana gobole alilorithi kwa baba yake. Analimiliki kihalali, na kibali chake kakikunja ndani ya mfuko wa nailoni, chini kabisa ya sanduku. Kwa ninyi wa mjini ambao gobole mnalisikia tu redioni: baruti inamiminwa kupitia mdomo wa mtutu, inashindiliwa kwa ufito, halafu fataki ndiyo inayowasha. Usiku ule babu hakutia hata gololi moja. Baruti tupu, mdomo juu, kisha... PWAAA! Nguruwe wakatimua. Mimi mwenyewe nusura niwatangulie.

Asubuhi babu akaamka na homa. Akaniita kitandani.

"Mjukuu wangu, lioshe lile gobole. Maji yachemke kabisa, utie na sabuni. Mafuta yawe mwisho."

Sasa bwana, mimi nimemaliza fomu foo. Kemia nilipata F, lakini kwenye ubishi ningepata A. Nikajiuliza, nani amewahi kuosha chuma kwa maji? Si ndiyo kukaribisha kutu? Halafu kuni zimelowa, moto haushiki, na uvivu nao umenikaa. Nikachukua mafuta ya cherehani ya bibi, nikamimina ndani ya mtutu, nikasugua nje mpaka likang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Umeliosha?" babu akauliza.

"Nimeliosha babu. Kwa maji ya moto kabisa."

Siku ya tano babu akapata nafuu. Akalichukua gobole, akafunga tambara jeupe kwenye ncha ya ufito, akalisukuma hadi chini na kulivuta. Lilitoka jekundu kama udongo wa barabarani. Akalitazama lile tambara, kisha akanitazama mimi. Hakugomba. Msomaji wangu, ni heri angegomba!

"Mafuta hayatoi chumvi," akasema. "Yanaifunika tu."

Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti. Ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inakuwa moshi mzito na masizi yenye chumvichumvi, na sehemu yake inagandia ndani ya mtutu. Chumvi hiyo inanyonya unyevu wa hewani, na pale Kasansa unyevu ni wa bure. Ukipaka mafuta juu yake, unaitandikia shuka tu. Chini yake inaendelea kutafuna chuma taratibu.

Babu aliijua kazi hii hata kabla ya kurithi gobole. Alikuwa vita vya Kagera, 1978 na 1979, na bunduki aina ya SAR ya Mchina. Risasi nyingi za kijeshi za enzi zile fataki zake zilikuwa na kloreti ya potasiamu. Ikilipuka inabakiza kloridi ya potasiamu, ndugu wa damu wa chumvi ya mezani. "Tulikuwa tunaosha kwa maji kwanza," akaniambia. "Maji yakikosekana, kila askari anayo ya kwake." Nilichukua muda kuelewa. Nilipoelewa, bibi alikuwa keshacheka mpaka kanga inamdondoka.

Na siyo imani ya wazee tu. Mmarekani mmoja, Wilbert Huff, aliandika mwaka 1922 kuhusu kutu inayokula silaha chini ya utando wa mafuta. Ndiyo kosa langu hasa, lilishaandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita!

Basi tukachemsha maji. Babu akahakikisha mtutu ni mtupu, akazibua kile kitundu kinachopokea moto wa fataki, tukamimina. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili ya kahawia, ya sita ndiyo yakatoka meupe. Maji yanayochemka yana faida mbili: yanayeyusha chumvi, na yanaacha chuma kina moto kiasi kwamba kinakauka upesi. Halafu tambara kavu, halafu jua, halafu mafuta kidogo. Kesho yake tukakagua tena.

Kutu ilitoka, lakini vishimo vilibaki. Babu akavipapasa kwa ncha ya ufito, akatikisa kichwa. Mtutu uliotafunwa unaweza kumpasukia mtu usoni. Akalifunga gobole kwenye gunia mpaka fundi alione. Mpunga ukabaki bila mlinzi katikati ya msimu.

Usiku ule ndipo nikamwambia ukweli kwamba sikutia hata tone la maji. Akajibu, "Nilijua siku ileile. Uliniletea gobole la baridi." Kumbe siku zote tano alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

Nikaongeza wiki mbili Kasansa, nikikesha kwenye kibanda cha shambani napiga debe hadi mikono inavimba. Hata hivyo nguruwe walikula kona nzima ya shamba.

Juzi nimempigia babu simu. Fundi bado hajapatikana. Kabla hajakata akaniuliza kwa utani kama yule mchumba wangu niliyemkosea tumeshapatana. Nikamjibu nimemnunulia kanga na mafuta ya kujipaka.

Akacheka sana. "Mafuta tena, mjukuu wangu?"

Haya, wacha nikachemshe maji. Tukutane wiki ijayo!